Usiniulize bei, niambie injini ni gani

Wiki hii wengi mmeandika kuhusu doza (tingatinga) ndogo za mchina, zile za tani moja hadi tatu zinazokuja ndani ya kontena, si Shantui SD16 ya tani 17 mnayoiona ikitengeneza barabara. Maswali mengine nimeyaacha kwa sababu nilishayajibu mara nne na ya tano sijibu.

SWALI: Fundi, doza ndogo ya mchina inaenda pesa ngapi? (Njoro)

Ya kilo ngapi, ya injini gani, unaichukulia wapi? Bei ya Qingdao si bei ya Mombasa na bei ya Mombasa si bei ya Njoro, hapo katikati kuna meli, bima, ushuru, VAT asilimia 16, IDF (ada ya kutangaza mzigo unaoingia nchini), ada ya reli, ajenti wa kliaringi na lori. Mtu akikutajia bei moja bila kukuuliza hayo, anakupima akili.

SWALI: Nimeona mbili kwa picha, moja hosipawa 25 na ingine 35, bei karibu sawa. Si nichukue ya 35? (Kitale)

Hapa nataka mkae chini tuongee. Hosipawa haisukumi udongo, uzito ndio unasukuma. Doza ya tani moja hata ukiiwekea injini ya lori, ikifika kwa udongo mgumu treki (ile mikanda inayotembelea badala ya magurudumu) zitajizungukia tu hapo zikichimba shimo lao, kwa sababu mashine ya treki hata kwa ardhi nzuri kabisa nguvu yake ya kusukuma haifiki uzito wake yenyewe. Kwa hivyo uliza kilo kwanza, halafu upana wa bledi, lile bamba la mbele la kusukumia. Bledi pana kwa mashine nyepesi ni pambo.

Ya pili, soma kibati cha injini, usisome stika ya boneti. Namba za injini za kichina zinajieleza. S195 ni silinda moja ya kipenyo cha milimita 95, hiyo ni kama hosipawa 12. S1100 ni silinda moja ya milimita 100. 490 ni silinda nne za milimita 90, 4102 ni nne za 102. Sasa mtu akikuambia ni hosipawa 35 na kibati kinasema S1100, huyo anakuibia mchana.

Na ukishajua namba, usinipigie mimi, nenda poshomili iliyo karibu na wewe. Wenye poshomili wamekaa na hizi injini za silinda moja miaka mingi, wanajua ni gani spea zake ziko mjini na ni gani ukivunja ringi utangoja meli. Mimi ya kwanza nilichomeka hivyo hivyo. Nilinunua kwa muuzaji fulani mwenye maneno matamu, mashine inang'aa, kibati cha injini kimebanduliwa, nikaona ni kitu kidogo. Mwezi wa tatu oili sili, ile ringi ya kuzuia oili isivuje, ya upande wa sproketi (gurudumu la meno linalozungusha treki) ikaenda. Nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka mfukoni, nikazunguka nayo maduka yote ya Nakuru, nikapanda matatu mpaka Kirinyaga Road Nairobi, kila mtu anaipima na kunirudishia, kipenyo cha ndani kinaingia cha nje kinakataa. Wiki saba mashine imekaa kwa mtaro na kuku wanataga chini ya kiti. Sili yenyewe ilipopatikana ilikuwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa hivyo jibu ni hili, chukua ile nzito, na muuzaji akupakilie ndani ya kontena hilo hilo sili zote za pande mbili, rola mbili, filta za mwaka mzima, nozo na treki moja ya ziada kama ni za mpira. Akikataa, hiyo si bei nzuri.

SWALI: Yangu ilikuwa sawa Mombasa walipoiwasha, hapa Molo inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Fundi wangu anasema pampu iongezwe dizeli. (Molo)

Huyo fundi mnyang'anye spana! Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, sasa unaongezaje tena dizeli? Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hivyo hosipawa 20 za Mombasa ukifika Molo zimebaki kama 15. Hata hapa Nakuru mita 1,850 karibu moja ya tano imeenda. Kisumu mna bahati, mko kwa mita 1,130 hivi.

Anza na filta ya hewa. Vumbi letu la upande huu ni jepesi kama unga, linapita mahali popote pameachwa wazi, na zile filta zinazokuja na mashine nyingi ni karatasi tu. Funga ile sufuria ya kuzungusha vumbi kabla ya filta, na kagua klipu za paipu ya hewa, paka grisi kidole upitishe ndani ya paipu baada ya filta, kikitoka na mchanga ujue injini inakula mchanga. Moshi ukibaki baada ya hapo, pampu ipunguzwe dizeli kidogo na mtu mwenye benchi ya kupimia, si mtu mwenye sikio. Utapoteza nguvu kidogo lakini pistoni itaishi.

Ingine, kama injini yako ni ile ya tangi la maji wazi juu, jua kwamba kwenu maji yanachemka kwa kama digrii 92, ndio maana githeri ya Molo inachelewa. Tangi litakauka haraka kuliko kitabu kinavyosema. Weka mtungi wa maji kwa mashine.

SWALI: Nataka ya kutengeneza matuta ya mpunga. Jirani yangu yake inajaa matope mpaka treki inatoka. Ya mpira ama ya chuma? (Ahero)

Mama, kwanza pole na huo udongo mweusi, unashika ukilowa na ukikauka unapasuka mguu unaingia.

Chukua chuma, viatu vipana, vyenye umbo la pembetatu kama utapata. Treki ya mpira kwa matope ya huko kwenu Kano inageuka sabuni, na mawe na chuma za zamani zilizozikwa shambani zinaikata pembeni. Hesabu yenyewe si ngumu. Mashine ya kilo 1,000 yenye treki mbili za upana wa sentimita 18, na mita moja ya kila treki iko chini, imekalia sentimita mraba 3,600, kama robo kilo na kitu kwa kila moja. Wewe ukisimama kwa mguu mmoja unafinya ardhi kuliko hiyo doza. Kwa hivyo kuzama si shida yake kubwa, shida ni kuteleza na kujaa.

Treki ya jirani inatoka kwa sababu anaikaza ikiwa safi. Ikaze ikiwa na matope yake, vile inafanya kazi. Weka fito iliyonyooka juu ya treki kutoka aidla (gurudumu la mbele la treki) hadi rola ya juu, katikati pawe na nafasi ya sentimita mbili hadi tatu. Ikikazwa zaidi, matope yakiingia kwa sproketi haina pa kwenda, ni ama itoke ama ivunje kitu. Na wakati wa kulegeza ile grisi ya kukazia, usifungue nati zaidi ya mzunguko mmoja na usiweke uso hapo, hiyo grisi iko na presha ya kukutoboa.

Halafu jioni, hata kama umechoka, kijana apitishe jembe atoe udongo kwa sproketi na rola. Ukilala nao asubuhi ni simiti. Sehemu ya chini ndiyo hula kama nusu ya pesa yote utakayotumia kurekebisha mashine ya treki, na watu wanaosha boneti!

Na usiingie shamba likiwa na maji. Chukua donge, lifinye, likivunjika ingia, likifinyangika kama ugali rudi nyumbani.

SWALI: Naweza kuweka ripa (jino la kupasulia ardhi) nyuma nivunje mawe? (Kakamega)

Hapana. Umenunua tani moja na nusu, hayo mawe yatakuvunja wewe.

SWALI: Nilichomelea springi ya lori kama meno ya bledi, imepasuka mara tatu pembeni ya kuchomelewa. Welda ni mbaya ama? (Webuye)

Welda hana makosa sana, chuma ndicho kigumu. Springi ina kaboni nyingi, ukiichomelea baridi ule mstari wa pembeni unapoa haraka na kuwa kama glasi, ndio maana haipasuki penye umechomelea, inapasuka kando. Ukitaka kuendelea nayo, ipashe moto kwanza mpaka tone la maji likidondoka juu lirukeruke na kukimbia kama kwa kikaango cha chapati, utumie fimbo za kuchomelea za 7018 zilizokauka (si zile zimekaa kwa pakiti wazi tangu masika), uchomelee vipande vifupi vifupi, halafu uifukie kwa jivu kavu ipoe pole pole mpaka kesho.

Lakini mimi ningetoboa bledi nifunge meno kwa bolti za kichwa kilichozama. Yakiisha unageuza upande wa pili, yakiisha tena unafungua unaweka mengine, hakuna moto hakuna welda. Hii ndio marekebisho ya kwanza ningefanya kwa doza yoyote ya mchina. Ya pili ni kukaza kila bolti baada ya masaa kumi ya kazi, na kumwaga oili ya kwanza kwa masaa 50, utaona venye ina unga wa chuma unang'aa.

SWALI: Inaweza kuchimba dam ya shamba? (Subukia)

Kuchimba inaweza, polepole. Kujenga ukuta wa dam ndio haiwezi, na wewe wa Subukia unaniuliza hivyo na Solai iko hapo karibu? Mei 2018 dam ilipasuka usiku, zaidi ya watu 40 wakafa. Nimesema treki hazifinyi ardhi sana, hiyo ni nzuri kwa mpunga na ni mbaya kabisa kwa ukuta, kwa sababu ukuta unatakiwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20, kwa rola yenye miguu. Doza ndogo ikipita juu inalainisha uso tu, ndani ni udongo wazi. Kidimbwi kilichochimbwa kwenda chini na kutandikwa karatasi, sawa. Kitu chochote cha kuzuia maji juu ya ardhi tafuta injinia, na kibali cha Water Resources Authority (watu wa maji) na NEMA (watu wa mazingira), na usinitajie gharama.

SWALI: Opareta wangu alivuta lever ya kushoto kwa mteremko mashine ikaenda kulia karibu iangukie ndizi. Lever zimeunganishwa vibaya? (Vihiga)

Zimeunganishwa sawa, opareta ndiye hajafundishwa. Kwa hizi za klachi mbili, ukivuta ya kushoto umeachilia treki ya kushoto kutoka kwa injini. Kwa tambarare ya kulia inasukuma, mashine inaenda kushoto. Kwa mteremko mashine inajisukuma kwa uzito, injini ndiyo inaishikilia, ukiachilia ya kushoto inakimbia bure na ya kulia imeshikwa, mashine inageuka kulia. Kwa mteremko vuta klachi pamoja na breki ya upande huo huo, gia ya chini, bledi karibu na ardhi.

Na kile kipaa cha mabati juu yake ni cha jua na mvua. Ikipinduka hakizuii kitu. Miteremko yenu iachieni jembe.

SWALI: Broka anasema kontena limefika Mombasa, anataka deposit kwa M-Pesa leo leo ndio asimpe mtu mwingine. (Kisumu)

Mwambie akutumie namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, uiangalie kwa tovuti ya kampuni ya meli, na nakala ya CoC (cheti cha ukaguzi) ya KEBS, shirika la viwango, ambayo hutolewa kule mashine inakotoka. Akianza hadithi, blok.

SWALI: Nikiipaka rangi ya njano na stika ya CAT ni sawa? (Nakuru)

Rangi ni yako. Stika toa kabla hujaniletea garaji, vijana wangu watacheka na kazi haitafanyika.