Kukirudia Kusadikika

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninakisoma upya kitabu cha hadithi cha Shaaban Robert, Kusadikika, nilichokisoma shuleni, na safari hii utetezi wa mshtakiwa Karama barazani unanivutia kuliko safari za wajumbe waliotumwa na nchi ya Kusadikika. Je, ni mimi niliyebadilika?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ni wewe, ndugu msomaji, kwani kitabu ni kile kile cha mwaka 1951. Kijana huwafuata wajumbe sita, hata mbinguni, ili ajue watarejea na nini. Mtu mzima huona kwamba waliotumikia nchi yao waliadhibiwa, na kwamba Karama anayageuza masaibu yao kuwa hoja dhidi ya mashtaka ya Waziri Majivuno. Safari zenyewe, kwa maoni yangu, zinafanana mno. Ukimaliza, soma Maisha Yangu, ambamo Shaaban Robert, mwana huyo wa Tanga, anajieleza mwenyewe.