Kipimo cha Bell: kabla ya kuongeza fotoni, angalia zinapotelea wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini kipimo cha Bell kwenye kompyuta za kwantamu za mwanga, yaani kile cha kutambua fotoni (chembe za mwanga) mbili zimefungamana kwa namna gani, kinagoma nusu ya mara, na kama fotoni za nyongeza zitamaliza tatizo. Nimesomea optiki Ujerumani, hizo meza za vioo nazijua, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Hiyo 50% wala si ubovu wa vifaa. Ukikutanisha fotoni mbili kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, kati ya hali nne za Bell (namna nne ambazo fotoni hizo zinaweza kufungamana, yaani hali zao kuunganishwa) ni mbili tu zinazojitambulisha. Moja huzitoa fotoni pande tofauti. Nyingine huzitoa upande mmoja zikiwa na polaraizesheni (uelekeo wa mtetemo wa mwanga) tofauti. Mbili zilizobaki zinaacha alama zilezile, hata ununue detekta (kifaa cha kuhesabu fotoni) ya bei gani.

Mwaka 2011 mtafiti Grice alionesha kwamba ukiongeza jozi moja ya fotoni iliyofungamana unafika 75%. Mwaka 2014 watafiti Ewert na van Loock wakafika hapohapo kwa fotoni nne za nyongeza zisizofungamana. Hiyo ni karatasini. Kwenye majaribio, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, walitangaza 57.9% mwaka 2023.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila fotoni ina 90% ya kufika na kuhesabiwa. Kipimo cha kawaida kinataka mbili: 0.5 × 0.81, yaani 40.5%. Cha Grice kinataka nne: 0.75 × 0.656, kama 49%. Cha Ewert na van Loock, chenye fotoni nne za nyongeza, kinataka zote sita zionekane: 0.75 × 0.531, yaani 39.9%. Umejaza meza vifaa, na umerudi nyuma!

Ndiyo maana mimi huanza na upotevu. Weka ncha ya faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga) chini ya hadubini kabla ya kuchomeka. Kiini chake kina upana wa maikromita 9 hivi, chembe moja ya vumbi ikikaa pale katikati mwanga unapungua. Futa kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia), angalia tena, ndipo uchomeke. Kazi ya kuchosha, lakini ina faida kuliko detekta mpya.

Kisha hakikisha fotoni zinafanana: rangi, polaraizesheni, muda wa kufika. Tumia jaribio la Hong, Ou na Mandel la 1987: sogeza kidogokidogo kioo kilicho kwenye njia ya fotoni moja, uone matukio ya detekta mbili kulia kwa pamoja yakishuka kuelekea sifuri. Yasiposhuka vya kutosha, usiendelee. Fotoni ikipotea utajua, maana hesabu haitimii. Zisipofanana, detekta zinalia kama kawaida na jibu unalopewa ni la uongo.