Ukitaka Kujua Wanyama wa Kale Walikula Nini

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza aanzie wapi utafiti wa chakula cha fisi wa enzi zilizopita. Namjibu hadharani, kwa sababu najua wengi wenu mna kiu hiyo hiyo.

Mimi nilianza na simba wawili wa Tsavo, waliowashambulia wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi mhandisi wa reli hiyo, John Henry Patterson, alipowaua mwezi Desemba. Idadi ya waliouawa iliyovuma kwa miaka mingi ni watu 135. Nilipoandika kwamba idadi hiyo ina mashaka, mhariri mmoja aliirudisha makala yangu akisema wasomaji hawataki simba hao wapunguziwe makali. Maneno yale yananichoma hadi leo, maana ushahidi ulikuwapo. Mabaki ya simba hao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, na utafiti wa isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, ambazo chakula huziacha mwilini) uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa walikula watu wapatao 35, mmoja takribani 24 na mwenzake 11. Mfupa hutunza habari za chakula cha miaka mingi, ilhali unywele hutunza za miezi ya mwisho, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo iliyoonyesha jinsi walivyogeukia nyama ya watu. Mwaka 2024 zikachunguzwa nywele zilizonasa katika meno yao yaliyovunjika, zikakutwa za binadamu, twiga, pundamilia, choroa, kuro na nyumbu.

Hata hivyo, aliyeuawa bila kuliwa haachi alama katika mfupa wa simba. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila ushahidi uulize kile usichoweza kukwambia. Kinyesi hutunza nywele na vipande vya mifupa, lakini hakisemi kama mnyama aliwindwa au aliokotwa akiwa mzoga. Usimwamini msimulizi kwa ajili ya cheo chake, wala usiitupe shajara yake, ipime.

Kwa fisi jambo hili ni zito zaidi. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliwafuatilia usiku huko Ngorongoro, akakuta kwamba wao wenyewe huwinda sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba aliyeonekana asubuhi juu ya windo alikuwa amewapokonya. Shajara nyingi za zamani ziliandikwa na watu waliotazama mchana. Ukikuta humo fisi ameitwa mla mizoga, tafuta kwanza mwandishi alimwona saa ngapi.