Fimbo za grafaiti za zamani: maswali yenu na majibu

Swali: Mkuu, mbona watu wanahangaika kutafuta fimbo za kuvulia kwa nzi bandia (chambo kinachofanana na mdudu), zile za grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, za miaka ya 70 na 80 wakati za sasa ni nyepesi na zinarusha mbali?

Jibu: Kurusha mbali sibishi, lakini samaki wengi wa mtoni wako karibu, mita nane au kumi hivi, na hapo ndo fimbo ya zamani inapokupa raha yake. Nyingi za sasa ni ngumu mno, ukitoa mshipi (ile kamba nzito ya kurushia) kidogo hazipindi kabisa, yaani unapunga mti mkavu. Ya zamani inapinda taratibu mpaka karibu na mkono, unausikia uzito wa mshipi ukienda nyuma kabla hujarusha mbele, na nzi bandia anatua majini taratibu bila kumshtua samaki. Halafu samaki akivuta, fimbo inamfuata, uzi mwembamba haukatiki ovyo. Kwa mto mdogo mimi fimbo ya zamani kama Winston IM6 au Sage LL siibadilishi na mpya yoyote, yoyote kabisa.

Swali: Nani alianza kuzitengeneza?

Jibu: Kampuni ya Fenwick ya Marekani ilitoa fimbo yake ya grafaiti, HMG, mwaka 1973, Orvis nao wakaja na zao muda si mrefu. Kabla ya hapo watu walitumia faiba ya kioo na mianzi iliyogundishwa. Sage ilianzishwa 1980 na Don Green, ambaye alishapitia Fenwick.

Swali: Nimeona moja inauzwa mtandaoni, vipande viwili, nikague nini?

Jibu: Kwanza pima vipande vyote viwili, kwa kawaida vinalingana, kwa hiyo cha ncha kikiwa kifupi jua kilishavunjika kikatengenezwa. Pili angalia kiungo. Kama ni kile cha kijiti kinachotokeza na kuingia ndani ya kipande cha pili, ukiunganisha lazima kibaki kiupenyo kidogo, kikifunga kabisa basi kimelika. Tatu pitisha pamba ndani ya kila pete, ikinasa pana mkwaruzo na mshipi wako utaliwa. Na muulize muuzaji kama iliwahi kugongwa, maana grafaiti iliyopata pigo inaweza kuonekana nzima halafu ikakatika siku umenasa samaki mkubwa, na kipande cha kubadilishia kwa modeli ya zamani hivyo ni kazi kukipata. Bei ikiwa nzuri na hayo yote yako sawa, nunua bana usisite.

Swali: Itafaa mito ya Aberdare huku Kenya?

Jibu: Sana! Samaki wa trauti waliletwa mto Gura tangu 1905 na sehemu nyingi za mito ile ni nyembamba, vichaka vimeinama juu ya maji, huna nafasi ya kurusha mbali hata ukitaka. Chukua ya futi saba na nusu au nane, mshipi namba 4 (namba ni kipimo cha uzito wake). Ila mvua ya mchana ikianza na radi weka fimbo chini utoke majini, grafaiti inapitisha umeme, na hiyo ni ya zamani na mpya vilevile, na ukipita chini ya nyaya za stima usiibebe imesimama.