Sensa ya joto la hewa: "Toyota ndiko walikoiweka" haitoshi

Swali: Nina Corolla AE101 yenye injini ya 4A-FE. Nimefunga turbo (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini), intakula (kipoza hewa hiyo) na kompyuta ya kuprogramu. Fundi wangu anataka kuiacha sensa ya joto la hewa kwenye boksi la eakilina (kichujio cha hewa), anasema Toyota ndiko walikoiweka. Mwingine anataka kutoboa manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Niifunge wapi?

Jibu: Ifunge kwenye bomba linalotoka intakula, karibu na throto bodi (mlango wa hewa wa injini), ncha yake ikae katikati ya mkondo wa hewa.

Hiyo hoja ya Toyota naisikia mara kwa mara, na inaniuma kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni mafundi wenye mikono mizuri. 4A-FE ilitoka kiwandani bila turbo. Hewa ya kwenye boksi ndiyo iliyofika kwenye silinda, imeongezeka joto kidogo tu njiani, kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli. Sasa boksi lile liko kabla ya turbo. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa kwa bar 1 inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 120. Intakula inaishusha, lakini kwenye mlima mrefu bado inaweza kuingia kwenye injini ikiwa na 60, na sensa yako ya kwenye boksi inaendelea kusema 30. Kompyuta inadhani hewa ni baridi na nzito, inahesabu hewa nyingi kuliko iliyopo kwa karibu asilimia 10, petroli inazidi. La petroli lina nafuu. Baya ni taimingi, yaani wakati wa kurusha cheche: kompyuta ilipaswa kuchelewesha cheche kwa hewa ya moto, nayo haina habari. Injini inaanza kugonga, yaani petroli na hewa vinalipuka ovyo ndani ya silinda.

Nimefungua injini ya namna hiyo. Kwenye kaure ya plagi ya silinda ya tatu kulikuwa na chembe zinazong'aa, ndogo kama mchanga. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni. Ukingo wa pistoni yenyewe ulikuwa umeliwa kama mkate uliopitiwa na panya, na sensa ilikuwa nzima kabisa.

Manifoldi nayo hapana. Ni ya aluminiamu, imekaa kwenye silinda hedi. Zima gari mchana dakika 10 tu, joto la chuma linapanda kwenye sensa. Ukiwasha inasoma 70 wakati hewa ni 35, petroli inapunguzwa, gari linakosa nguvu, na wewe unaanza kununua pampu ya mafuta usiyoihitaji.

Tumia sensa ya hewa yenye ncha wazi. Ile ya maji, iliyofunikwa shaba, inachelewa mno kuhisi. Bomba livue kabla ya kulitoboa, vumbi la chuma lisiingie kwenye injini. Kisha asubuhi, injini ikiwa imepoa, fungua swichi bila kuwasha: joto la hewa na la maji yasomeke karibu sawa. Yakitofautiana sana, jedwali la sensa uliloweka kwenye kompyuta silo lake.

Kuna jambo jingine, na hili ni kwa kila mwenye gari. Vinauzwa vidude vya waya mbili eti "chipu ya kuongeza nguvu", vinachomekwa badala ya sensa hii. Ndani ni rizista moja tu, kipande kinachozuia umeme. Sensa hizi hupunguza ukinzani joto linapopanda: nyingi za Toyota zina omu kati ya 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Rizista kubwa inaidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi siku zote, Dar es Salaam saa nane mchana. Anayekuuzia hakuongezei nguvu, anaifumba macho kompyuta inayolinda pistoni zako, na petroli inayozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kama umeshafungiwa, kichomoe leo, rudisha sensa, kisha toa plagi zote uzitazame kwa tochi kabla hujalipandisha gari mlima.