Akikuuliza kuhusu bando, weka chaki chini

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti juzi, karibu. Utapewa darasa, utapewa zamu, pengine na funguo za stoo ya vitabu. Halafu siku moja mwalimu mkuu atakuita akuambie uingie kwenye dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, yaani walimu wanaopokea taarifa za watoto waliofanyiwa ukatili, kwa kuwa wewe ni kijana na mambo ya mtandao unayajua. Kabla hujakubali, ngoja nikusimulie nilivyoharibu.

Wakati huo nilikuwa shule nyingine, darasa la sita, wanafunzi 90 na ushee. Kipindi cha mwisho kimekwisha, binti mmoja kabaki kufuta ubao. Ubao umeshang'aa, yeye bado anafuta. Akaniuliza bila kugeuka: "Mwalimu, mtu akikurushia bando, ni lazima umrudishie?" Nami kwa wepesi wa mdomo nikamrukia: "Bando la nini? Kwani wewe una simu?" Akasema hana, anaulizia tu. Akaweka dasta mezani, akabeba begi, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu mama yake alikuja shuleni, simu mkononi, macho mekundu. Kumbe kuna mtu alikuwa akirusha bando kwenye simu ya mama, kisha usiku mama akishalala anachati na mtoto, akijifanya dada anayetafuta watoto wa kucheza kwenye tangazo. Kwanza aliomba picha akiwa na sare. Kisha akaomba nyingine. Siku ile ya ubao, ile nyingine ilikuwa bado haijatumwa.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote humu. Mtoto haji akakumwagia jambo zima. Anakupima na kipande kidogo, tena mara nyingi anakileta kama swali la mtu mwingine: "rafiki yangu kaniuliza", "nimesikia tu". Ukifoka, anakirudisha mfukoni na kile kikubwa kilichokuwa nyuma yake.

Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na mimi sina ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoisimamia, hadi mtoto akisikia neno simu anawaza fimbo. Aliyeshika simu ya mama usiku wa manane anajiona ana kesi tayari, na mtu mbaya analijua hilo vizuri kuliko sisi. Mara nyingi kitisho chake cha kwanza ni maneno haya tu: "Nitamwambia mama yako unachezea simu yake." Akishaona yanafanya kazi, ndipo anapoongeza vitisho vingine. Kwa hiyo siku hizi nasema mstarini, mbele ya shule nzima, kwamba atakayeniletea jambo lililomtisha kwenye simu sitamuuliza aliipata wapi. Kuna walimu waliona nalea utovu wa nidhamu. Tulibishana sana ofisini, na hadi leo wapo wawili ambao hatujaelewana.

Sasa siku mtoto akiamua kusema, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Sikiliza, andika, fikisha. Upelelezi una wenyewe. Kaa naye mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, chini ya mwembe au kwenye benchi la nje ya ofisi, na mlango usifungwe. Muulize maswali yasiyo na jibu ndani yake: "Enhe, ikawaje?" yanatosha. Ukimuuliza "ni yule wa dukani, eh?" umeshampandikizia jina, na huko mbele ya safari wakili atalichimba hilo.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Ni neno tamu, linatoka lenyewe mtoto anapolia, na ni la uongo, maana lazima utamwambia mtu. Mimi husema: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakutajia ni nani kabla sijaenda."

Halafu andika siku hiyohiyo. Mimi nina kauntabuku moja, inakaa kwenye kabati lenye kufuli, na mle maneno ya mtoto yanakaa kama alivyoyasema. Watoto wetu wengi hawana jina la mambo haya. Atasema "alinifanyia tabia mbaya", atasema "alinishika huku". Andika hivyohivyo, na kama alionyesha kwa mkono andika alionyesha wapi. Usimsafishie Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii niliandika neno la kisheria mahali pa "tabia mbaya". Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akaniuliza, kwa upole kabisa: "Hili neno ni la mtoto au ni lako?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Ikiwa mtoto ameingiliwa kimwili, mambo ya kuandika yasubiri. Hospitali kwanza. Dawa za kumkinga na VVU zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahiwa ndivyo bora. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye gazeti au bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki unazitia unyevu na kuziharibu.

Picha za mtoto kwenye simu nazo zina mtego wake, na hapa walimu wema ndio wanaoanguka. Mzazi anakuonyesha picha, wewe unaona uitume kwa mwalimu mkuu kwa WhatsApp ili na yeye aone. Usithubutu. Hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na mtandaoni "nilikuwa natoa taarifa tu" inafanana sana na kusambaza. Usiitume, usiipige picha kwa simu yako. Mzazi naye usimruhusu kufuta kwa hasira, kwa sababu ushahidi ndio huo. Andika namba, jina la akaunti, tarehe na saa, simu izimwe, iende polisi mikononi mwa mwenyewe.

Utakutana pia na maneno haya, na utayasikia kwa sauti ya kubembeleza: "Mwalimu, haya tuyamalize huku huku." Anayesema anaweza kuwa baba, mjumbe, au hata mwalimu mwenzako ambaye mtuhumiwa ni shemeji yake. Mara nyingine kuna fedha imeshatajwa. Nilikuwa nikijibu kwa ukali, nikagundua ukali unawafanya wamhamishe mtoto, aende kwa bibi yake kijijini, na kesi inafia hapo. Sasa najibu kwa unyonge: "Baba, mimi ni mtumishi. Nikinyamaza nitaulizwa mimi." Na si uongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo mimi naenda kwa mwalimu mkuu, kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto. Mwalimu mkuu akisitasita, sisubiri asimame wima.

Turudi kwa yule binti, maana kuna kitu kilichoninyima usingizi zaidi ya lile swali la ubaoni. Huyo mtu namba ya mama aliitoa wapi? Jibu la uhakika sikulipata. Lakini grupu letu la wazazi lilikuwa na watu zaidi ya 100, kiungo chake kimezagaa mtaa mzima, hata wasio na mtoto shuleni wamo. Na mimi mwenyewe, kwa furaha yangu, nilikuwa nimerusha humo picha za waliofanya vizuri: jina kamili, darasa, cheti kifuani, nembo ya shule kwenye sweta inasomeka. Mtu wa nia mbaya alihitaji nini tena?

Grupu lile tulilifunga. La sasa wanaoandika ni viongozi peke yao, mzazi anaongezwa na mwalimu wa darasa baada ya kufika shuleni, na matokeo mzazi anapewa ya mwanawe tu. Picha tunapiga za madaftari, bustani, migongo ya watoto wakikimbia. Ya uso inahitaji kibali cha mzazi kilichoandikwa, na hiyo si hisani yetu: nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Status yako ya WhatsApp nayo imo. Najua watoto wa darasa la kwanza wanapendeza. Waache wapendeze darasani.

Na wewe mwenyewe jilinde. Usichati na mwanafunzi usiku, hata akiuliza hesabu. Jibu kupitia simu ya mzazi, mchana. Usimbebeshe binti madaftari peke yake hadi chumbani kwako. Walimu wa zamani watakucheka, wao walibebewa hadi maji. Cheka nao, lakini tuma watoto watatu, na madaftari yaishie mlangoni.

Kufundisha usalama wa mtandao hakuhitaji kompyuta. Nilichukua karatasi moja, nikaandika "Napenda ubwabwa wa bibi", nikampa wa dawati la kwanza na kuwaambia kila atakayeipata ainakili kisha aipitishe. Baada ya dakika kumi nikasema: sasa nirudishieni siri yangu. Wakanirudishia ile karatasi ya kwanza. Nikauliza, na nyingine? Darasa likalipuka kicheko, madaftari yanafichwa chini ya madawati. Mmoja nyuma kabisa hakucheka. Nilimtazama, sikumwita. Alikuja mwenyewe siku ya nne.

Sanduku la maoni tulilitoa mbele ya ofisi ya walimu, ambako hakuna mtoto mwenye akili angesimama kutumbukiza barua, tukalipeleka karibu na mabomba ya kunawia. Limeanza kupata karatasi. Nyingi zinalalamikia uji.

Kauntabuku yako nunua leo, usingoje dawati likupe. Ukurasa wa kwanza andika 116, Simu kwa Mtoto, haina makato, hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga kwa kitochi. Chini yake andika namba ya afisa ustawi wa jamii, ya askari wa dawati, ya mtendaji na ya zahanati. Kila muhula zipige uone nani anapokea, maana watu wanahamishwa. Kwenye yangu namba za ustawi wa jamii zimeshakatwa kalamu mara tatu, na moja ya hizo niligundua haipatikani saa kumi na mbili jioni, mtoto kaketi pembeni yangu kwenye benchi.