Konokono wasio na gamba walinimalizia sukuma, haya ndo yaliyonisaidia

Masika iliyopita nilipanda sukuma na chainizi nyuma ya nyumba huku kwetu Moshi, miche ikashika vizuri kabisa, siku ya nne naamka asubuhi nakuta majani yana matundu matundu na miche mingine imebaki kijiti tu. Nikasingizia panzi, nikapulizia maji ya pilipili, wapi! Mpaka nilipoona michirizi ya ute inang'aa juu ya udongo ndo nikajua ni wale konokono wasio na gamba.

Nikaanza na chumvi. Wanakufa kweli, ila jamani msimwage chumvi kwenye tuta, inabaki kwenye udongo na mboga zinaungua, mi kona moja mchicha ulidumaa msimu mzima. Majivu nayo yanafanya kazi yakiwa makavu, yakipata umande tu basi.

Kumbe kosa langu kubwa lilikuwa maji. Nilikuwa namwagilia jioni nikitoka kazini, na hawa wanatembea usiku, yaani nilikuwa nawatandikia kitanda kabisa. Sasa siku isiyo na mvua namwagilia asubuhi, hadi giza linaingia udongo wa juu umeshakauka. Na yale majani ya migomba niliyotandaza nimeyasogeza mbali na miche michanga, maana humo ndo wanalala mchana.

Halafu tega ubao. Lowesha kipande cha ubao au gunia, laza kati ya matuta jioni, asubuhi mapema geuza. Mara ya kwanza nilikuta 17 wamejibandika chini yake, na pembeni kwenye udongo vijiyai vyeupe vimerundikana, kama punje za mtama, vinaonyesha mpaka ndani. Hivyo viponde hapohapo usiviache, kwa sababu hawa hawana dume wala jike, kila mmoja anaweza kutaga. Wakubwa natumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vaa glavu, wengine wanabeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu, na mboga osha jani kwa jani hasa za kachumbari.

Zile chenga za sumu za dukani sijanunua, nyingi zina metaldehaidi ambayo inaua mbwa na kuku, na kuku wangu wanazurura kutwa. Mwenye bata awaachie, wanawala sana, ila subiri miche ikomae la sivyo wataikanyaga yote.

Siku hizi nikigeuza ubao nakuta wawili watatu, na sukuma nimeshachuma mara tano.